Sonona: mazungumzo, dawa, programu ya simu au mazoezi? Tafiti za karibuni zinavyosaidia kuchagua

Mtu akishaambiwa ana sonona, au akishajitambua mwenyewe, swali linalomkabili ni la kuanzia wapi. Daktari anataja dawa. Rafiki anasema tafuta mtu wa kuzungumza naye. Kwenye simu kuna programu zinazoahidi nafuu, na hakosekani anayeapa kwamba ukianza kukimbia asubuhi mambo yatakaa sawa. Kila mmoja wao ana utafiti wa kuegemea, na hapo ndipo ugumu ulipo: aliyelemewa na sonona ndiye anayetakiwa kupima hoja zote hizo, wakati hata kuamua avae nini kunamshinda.

Ulinganisho huu ni wa sonona nyepesi na ya wastani, ukigusia ile kali. Hauhusu dharura. Kama unawaza kujiua, unasikia sauti wasizosikia wengine, au umeacha kula na kunywa, usiendelee kulinganisha. Mwambie mtu unayemwamini sasa hivi na muende hospitali pamoja leo.

## Vigezo

Nitaipima kila njia kwa maswali matano yaleyale. Utafiti unasema nini? Nafuu huja lini? Njia inakudai nini? Ukiacha, kunatokea nini? Na inamfaa nani?

Swali la kwanza lina mtego. Tiba ikilinganishwa na watu walioachwa wakisubiri zamu yao, karibu kila mara itaonekana ya ajabu. Ikilinganishwa na tiba nyingine nzuri, tofauti hupungua sana. Kwa hiyo ukisoma kwamba njia fulani imepunguza sonona kwa nusu, uliza kwanza: ikilinganishwa na nini? Kumbuka pia kwamba takwimu za utafiti ni wastani wa watu wengi. Zinakuonyesha pa kuanzia, lakini haziwezi kukuhakikishia kwamba wewe mwenyewe utapona kwa njia hiyo.

## Tiba ya mazungumzo

Utafiti unasema nini. Hapa ndipo mambo yalipobadilika zaidi tangu mwanzo wa karne hii, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba tiba ya mazungumzo ni kazi ya mabingwa wachache waliosomea miaka mingi. Mwaka 2003 yakachapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, Uganda. Katika vijiji vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, watu wenye sonona walikutana kwa vikundi kila wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Walizungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko makubwa ya maisha. Mwishoni, waliobaki na sonona kwa vigezo vya kitabibu walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji ambavyo havikupata vikundi hivyo walikuwa asilimia 54.7.

Zimbabwe ikaja na jambo linalofanana. Mradi wa Friendship Bench, yaani Benchi la Urafiki, ulioanzishwa na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, uliwafunza wahudumu wa afya ya jamii, wengi wao wanawake wa makamo na bibi wazee, kuzungumza na wagonjwa wakiwa wameketi kwenye benchi. Jaribio lake lilichapishwa mwaka 2016 na lilihusisha watu 573 katika zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi sita, waliokuwa bado na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 miongoni mwa waliokaa kwenye benchi hilo, dhidi ya asilimia 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Ukikaa kwenye benchi lile huhubiriwi. Mhudumu anakuuliza yanayokusumbua, moja baada ya jingine, na mnayaorodhesha. Kisha anakuomba uchague moja tu la kuanza nalo, lile ambalo linaweza kufanyiwa kitu. Mnatafuta hatua ndogo ya kulikabili, hatua ambayo utaweza kuichukua kabla ya kikao kijacho. Mkikutana tena mnaanzia papo hapo: uliifanya? Kama hukuifanya, nini kilikuzuia? Inaweza kuonekana ni jambo jepesi mno, lakini kwa mtu ambaye matatizo yake yote yamekuwa rundo moja lisilo na mlango, kupata moja la kuanza nalo ni kazi kubwa.

Uingereza nako, mwaka huohuo wa 2016, watafiti walichapisha jaribio la watu wazima 440. Nusu walipewa tiba ya fikra na mwenendo, ile maarufu kwa jina la CBT, kutoka kwa matabibu waliobobea. Wengine walipewa tiba ya kurejesha shughuli kutoka kwa wafanyakazi wa ngazi ya chini wa afya ya akili. Tiba hii ya pili ni rahisi kuieleza. Sonona humfanya mtu ajitenge, na kujitenga humwondolea vile vitu vichache vilivyokuwa vikimpa furaha, kwa hiyo anazidi kuzama. Mgonjwa anaandika siku yake ilivyokwenda na hali yake ilivyokuwa kila saa, anaona ni shughuli zipi zilimwinua hata kidogo, kisha anazirudisha kwa ratiba bila kusubiri hamu ije. Baada ya mwaka mmoja, tiba hiyo haikuwa duni kuliko CBT, na gharama yake ilikuwa ndogo zaidi.

Naliona hili kuwa moja ya matokeo yenye matumaini zaidi katika fani nzima. Kama hakuna mwanasaikolojia karibu nawe, mshauri aliyefunzwa vizuri mbinu inayoeleweka, na mwenye msimamizi wa kumwongoza, ni tiba halisi.

Neno la kuzingatia hapo ni *aliyefunzwa*. Si kila mazungumzo ni tiba. Kwa mfano, kumlazimisha mtu asimulie tukio la kutisha katika kikao kimoja mara tu baada ya kulipitia kuliwahi kuenea sana, lakini tafiti zilipokusanywa hazikuonyesha kwamba kunamkinga na madhara ya baadaye, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi.

Nafuu huja lini. Programu nyingi huwa na vikao 6 hadi 16, mara nyingi kimoja kwa wiki. Wengi huanza kuona mabadiliko kabla ya kufika mwisho.

Inakudai nini. Kusema usiyopenda kuyasema, na kufanya kazi kati ya kikao na kikao. Inadai pia uelewano na mshauri wako. Ukiona hamuelewani baada ya vikao vichache, una haki ya kuomba mwingine.

Ukiacha. Hii ni nguvu yake kubwa. Ulichojifunza unabaki nacho, na tafiti zilizowafuatilia waliomaliza CBT zimeonyesha kwamba hurudiwa na ugonjwa kwa uchache kuliko waliotumia dawa kisha wakaziacha.

Inamfaa nani. Mwenye sonona nyepesi au ya wastani, hasa pale inapofungamana na msiba, ndoa, kazi au upweke. Na yeyote ambaye amewahi kupona akarudiwa.

## Dawa

Utafiti unasema nini. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 ulikusanya majaribio 522 yenye washiriki 116,477 na kulinganisha dawa 21. Zote zilifanya vizuri kuliko vidonge visivyo na dawa ndani, lakini kwa wastani tofauti hiyo ni ya kiasi, na majaribio mengi yalikuwa ya takriban wiki nane. Hakuna dawa moja iliyoziacha nyingine mbali sana. Jaribio la Marekani la STAR*D, lililowafuatilia wagonjwa zaidi ya 4,000 na kutoa matokeo yake makuu mwaka 2006, lilionyesha kwamba kwa dawa ya kwanza ni kama theluthi moja tu waliopona kabisa. Wengine walihitaji kubadilishiwa au kuongezewa. Kwa hiyo dawa ya kwanza isipofanya kazi, hilo ndilo jambo la kawaida na halina maana kwamba wewe hutibiki.

Mwaka 2022 ulichapishwa uchambuzi uliosema hakuna ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu wa serotonini, mojawapo ya kemikali za ubongo. Baadhi ya watu walielewa kwamba dawa ni uongo na wakazitupa. Swali la dawa inafanyaje kazi ni tofauti na swali la kama inasaidia, na la pili hujibiwa na majaribio kama yale 522.

Nafuu huja lini. Dalili za kwanza za nafuu huonekana kati ya wiki ya pili na ya nne, na matokeo kamili huchukua wiki sita hadi nane. Tatizo ni kwamba madhara hutangulia: kichefuchefu, usingizi kuvurugika, kuumwa kichwa. Wengi huacha katika wiki hizo, kabla faida haijafika. Kupungua hamu ya tendo la ndoa nako hutokea mara nyingi, na ni jambo la kumwambia daktari bila aibu, kwa sababu kuna dawa zinazolisababisha kwa uchache zaidi.

Inakudai nini. Kumeza kila siku, kurudi kliniki, na kumweleza daktari dawa nyingine zote unazotumia. Kwa walio chini ya miaka 25 uangalizi wa karibu unahitajika mwanzoni, kwa kuwa mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo hilo kwa watoto na vijana mwaka 2004, na mwaka 2007 ikalipanua hadi miaka 24. Na kama umewahi kuwa na vipindi vya uchangamfu uliopita kiasi, hulali na huchoki, sema kabla hujaandikiwa, kwa sababu huo unaweza kuwa ugonjwa tofauti unaotaka dawa tofauti.

Ukiacha. Usiache ghafla. Kizunguzungu, wasiwasi, na hisia kama ya mshtuko wa umeme kichwani huwapata baadhi ya watu, na kupunguza dozi polepole husaidia. Mwaka 2021 jaribio la Uingereza lilihusisha watu 478 waliokuwa wakitumia dawa kwa muda mrefu na kujihisi wazima kiasi cha kufikiria kuziacha. Ndani ya wiki 52, asilimia 56 ya walioachishwa walirudiwa na ugonjwa, dhidi ya asilimia 39 ya walioendelea. Takwimu hizo zitazame pande zote mbili: kuendelea kunalinda, na hata hivyo asilimia 44 ya walioacha hawakurudiwa.

Inamfaa nani. Mwenye sonona ya wastani hadi kali. Ambaye amezidiwa kiasi kwamba hawezi kushiriki mazungumzo. Ambaye dawa zilimsaidia siku za nyuma. Kwa sonona kali, dawa na mazungumzo kwa pamoja hufanya vizuri kuliko kimojawapo peke yake.

## Programu za simu na intaneti

Utafiti unasema nini. Tiba ya fikra na mwenendo kwa njia ya intaneti imefanyiwa majaribio mengi na inasaidia. Uchambuzi wa mwaka 2021 uliounganisha data za washiriki mmoja mmoja ulionyesha kwamba wenye sonona ya wastani au kali hufaidika zaidi pale panapokuwa na mtu wa kuwafuatilia, hata kwa ujumbe mfupi wa kila wiki. Kwa wenye dalili nyepesi, kujitegemea kulikaribia kulingana na kufuatiliwa.

Roboti za mazungumzo zinazotumia akili unde ni jambo jipya zaidi. Mwaka 2025 watafiti wa Dartmouth, Marekani, walichapisha jaribio la roboti iitwayo Therabot lenye washiriki 210, na dalili zilipungua. Lakini turudi kwenye ule mtego: walilinganishwa na watu waliokuwa wakisubiri zamu, na watafiti walikuwa wakifuatilia ujumbe ili waingilie kati pakitokea hatari. Programu unayopakua usiku peke yako haina mlinzi huyo.

Nafuu huja lini. Zile zilizofanyiwa utafiti hupangwa kwa wiki kadhaa, karibu na muda wa tiba ya ana kwa ana.

Inakudai nini. Nidhamu, na hapa ndipo wengi hukwama. Uchunguzi wa mwaka 2019 uliotazama matumizi halisi ya programu 93 za afya ya akili ulikuta kwamba, kwa programu ya kawaida, baada ya siku 30 waliokuwa bado wakiifungua walikuwa asilimia 3.3 tu. Inakudai pia siri zako: soma inavyotunza unachoandika kabla hujaandika.

Ukiacha. Hakuna madhara ya mwili. Hatari ni kuamini kwamba umeshajaribu tiba ikashindikana, wakati uliyoijaribu ni programu kwa siku nne.

Inamfaa nani. Mwenye dalili nyepesi, anayeishi mbali na huduma, anayeogopa kuonekana kliniki, au aliye kwenye foleni ya kumwona mtaalamu. Tafuta yenye mtu halisi nyuma yake.

## Mazoezi

Utafiti unasema nini. Uchambuzi wa mwaka 2024 uliokusanya tafiti 218 zenye washiriki 14,170 ulikuta nafuu ya maana kwa kutembea, kukimbia polepole, yoga na kuinua vitu vizito, na kadiri juhudi inavyoongezeka ndivyo faida inavyoongezeka. Ubora wa tafiti nyingi kati ya hizo haukuwa mkubwa. Sababu mojawapo ni kwamba, tofauti na kidonge, mtu hawezi kufichwa kwamba anakimbia, na hivyo matarajio yake yanaweza kuathiri matokeo.

Jaribio ninalolipenda ni la Uholanzi, lililochapishwa mwaka 2023, kwa sababu liliwaachia wengi wachague wenyewe. Kati ya watu 141 wenye sonona au wasiwasi, 96 waliingia kundi la kukimbia na 45 kundi la dawa. Baada ya wiki 16, waliopona katika kila kundi walikuwa kama asilimia 44. Waliokimbia walipata pia faida ya moyo na uzito. Ila waliofuata mpango walivyotakiwa walikuwa asilimia 52 tu upande wa kukimbia, na 82 upande wa dawa.

Nafuu huja lini. Wiki chache hadi miezi minne katika tafiti, ingawa baadhi huhisi wepesi siku hiyohiyo.

Inakudai nini. Kile hasa ambacho sonona hukunyang'anya: msukumo. Kumwambia mgonjwa "jikaze, ukimbie" bila kumsindikiza kunaweza kumwongezea hatia. Kundi, au mwenzako mmoja anayekugongea mlango, hubadilisha mambo.

Ukiacha. Usitegemee faida ibaki ilivyokuwa.

Inamfaa nani. Mwenye dalili nyepesi hadi za wastani, mwenye kisukari au shinikizo la damu pia, na yeyote aliye kwenye tiba nyingine anayetaka kuiongezea nguvu. Kwa sonona kali, mazoezi yasiwe peke yake.

## Jambo moja la kufanya kwa njia yoyote

Pima. Dodoso la PHQ-9 lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na jumla yake huanzia 0 hadi 27. Alama 10 na zaidi huashiria sonona inayohitaji kuangaliwa. 20 na zaidi ni kali. Swali la tisa ni la mawazo ya kufa au kujidhuru, na ukijibu chochote zaidi ya "hapana kabisa", mwone mtaalamu hata kama jumla yako ni ndogo.

Kwa nini kupima, wakati tabibu yupo? Utafiti wa mwaka 2005 uliwaomba matabibu watabiri ni nani kati ya wateja 550 atazidi kudhoofika. Walitaja watatu. Waliodhoofika walikuwa 40. Tabibu mwema huona maendeleo kwa sababu anayatamani, na mgonjwa naye hujibu "naendelea vizuri" kwa adabu. Jaza dodoso kila baada ya wiki mbili na umwonyeshe anayekutibu. Kama alama hazijashuka baada ya wiki sita hadi nane za kufuata tiba ipasavyo, ni wakati wa kubadilisha kitu.

## Kwa hali yako

Alama zako ni chini ya 10 na unaamka kwenda kazini: anza na kutembea na mtu mwingine mara tatu kwa wiki, au programu yenye mfuatiliaji, na upime tena baada ya wiki nne.

Uko kati ya 10 na 19, na mshauri aliyefunzwa yupo: mazungumzo kwanza. Kama hayupo, au foleni ni ya miezi, usione dawa kama kushindwa. Anza nayo na uweke jina kwenye foleni.

Uko 20 au zaidi, huli, hulali, huoni mbele: mwone daktari wiki hii hii, uombe dawa na mazungumzo kwa pamoja. Nenda na ndugu atakayekumbuka maelekezo.

Una mimba au unanyonyesha: mazungumzo yana nafasi ya kwanza kwa hali nyepesi na ya wastani, na kama tayari unatumia dawa usiziache mwenyewe kabla ya kumwona daktari, kwani sonona isiyotibiwa nayo ina hatari zake kwa mama na mtoto.

Umepona kwa dawa na unataka kuacha: subiri angalau miezi sita ya uzima, punguza polepole chini ya daktari, chagua kipindi ambacho maisha yametulia, na ikiwezekana pata vikao vichache vya mazungumzo kabla hujaanza kupunguza.

Umejaribu njia mbili na bado: nenda na orodha iliyoandikwa ya ulichotumia, kwa dozi gani au vikao vingapi, kwa muda gani, na alama zako kila mara. Mwombe daktari aangalie upya utambuzi wenyewe, pamoja na tezi ya shingo, upungufu wa damu, pombe na usingizi, kabla hajaongeza chochote.